Rangi Iliyotoka Bombani kwa Jirani

Mjukuu wangu, fundi bomba wa watu,

Goti linauma, kuku wametaga, salamu zimekwisha. Wewe ndiye uliyeniambia vali ya kuzuia maji yasirudi nyuma ni pambo la matajiri. Juzi niliacha mpira wa bomba ndani ya pipa langu la rangi ya vitambaa. Maji ya mtaa yakakatika, bomba likaifyonza rangi. Yaliporudi, kwa jirani yalitoka ya buluu.

Akaniletea beseni, kichanga mgongoni. “Bibi, haya ndiyo ya kumwogesha mwanangu?”

Nikalipokea beseni, nikayamwaga.

Watu wa maji wamenipa wiki mbili niweke vali. Sikungoja. Bomba nimelifunga mwenyewe, nabeba ndoo na goti hilihili. Silifungui mpaka uje na vali. Maneno yaache huko, beba spana.

Bibi yako, mwenye ndoo