Bila Ukinzani Hakuna Joto

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu, na tafadhali uzipokee ukiwa umekaa. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, na kwamba kile kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimekuachia. Shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku hatujambo ya kuamkiana. Tukiulizwa mara ya pili, tunanyamaza.

Karakana bado ipo na kazi haikosekani: pasi, majiko, birika, feni zinazolia kama paka. Watu wamenizoea, ingawa wapo wanaoingia, wakakuta mwanamke, wakaniuliza fundi yuko wapi. Huwa nawaambia ametoka, wamsubiri kidogo. Nikishawatengenezea ndipo wanajua kwamba alikuwapo tangu mwanzo.

Kaka, mficha maradhi kilio humfichua, basi nisifiche. Baba si yule uliyemwacha.

Unakumbuka alivyotulea kwa hesabu zake za umeme. Mama alikuwa Volti, maana ndiye aliyetusukuma sote. Mimi nikawa Ampia, kwa kukimbia kila nilikosukumwa. Na wewe, usiyekubali neno mpaka ulipinge kwanza, ukawa Ukinzani. Volti gawanya kwa ampia, upate ukinzani. Volti zidisha kwa ampia, upate nguvu. Tuliyajua hayo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu.

Basi jirani yetu mshonaji alileta pasi yake, waya umechakaa. Mimi nilikuwa nimetoka kununua soketi, Baba akaipokea. Alipima sawasawa: volti mia mbili na arobaini, ampia tano. Hapo alitakiwa kuzidisha, apate wati elfu moja na mia mbili. Yeye akagawanya, akapata arobaini na nane. Hizo ni omu, kaka, ndio ukinzani wa pasi, si nguvu yake. Lakini Baba akaziita wati, akaona pasi hii haili umeme kuliko taa, akaifungia waya mwembamba wa taa.

Kesho yake mshonaji alirudi ameushika ule waya kwa ncha za vidole, umeyeyuka, na sare za shule alizokuwa akizinyoosha zimeingia moshi. Hakugomba. Alisema tu kwamba mzee huyu amemtengenezea pasi tangu akiwa anajifunza cherehani, na hajawahi kumfungia waya usiofaa; akaniuliza kama nimempeleka hospitali. Nilimjibu kwa ukali ambao hakustahili. Kisha nikaenda nyuma ya karakana nikalia.

Nilimpeleka. Daktari alisema ni kumbukumbu inayopotea, kwamba haitarudi, na kwamba mambo ya karibu ndiyo yatakayotangulia kuondoka, ya zamani yafuate baadaye. Nikamwondolea Baba vifaa vyote, nikamwachia mita moja isiyo na betri. Siku hizi anapima kila kitu: ukuta, kijiko, mguu wa kiti. Anakunja uso kama zamani, akisubiri mshale uinuke.

Hukaa karibu na jiko la umeme, koili imewaka nyekundu, huku analalamika kwamba nyumba ina baridi. Nikimwonyesha kwamba joto lipo, anatikisa kichwa na kusema bila ukinzani hakuna joto. Nilidhani anasomesha. Ni kweli, waya wa jiko hupata moto kwa sababu unaupinga umeme, na nilikuwa nikimwitikia kama mwanafunzi mzuri. Mpaka siku aliponiuliza Ukinzani ameenda wapi, mbona hajarudi kula. Kaka, ni wewe. Yale maneno mliyorushiana siku ulipoikataa karakana, ukamwambia abaki na umeme wake mwenyewe, hakumbuki hata moja. Anachojua ni kwamba hupo. Na mimi ninayempikia sijui kama nikuonee wivu au nikuhurumie.

Sasa hili ndilo nililolizunguka barua nzima. Juzi nilikuwa nafunga swichi mpya chumbani kwake. Alinitazama muda mrefu, akanishukuru kwa ile adabu anayowapa wageni, akaniita fundi. Akasema kazi yangu ni safi. Kisha akaniambia kwamba naye ana binti, bado mdogo, anaitwa Ampia, hachoki kukimbia, na akikua angependa aje ajifunze kazi kwangu. Nikamwambia nitamfundisha. Nikaendelea kukaza skrubu iliyokwisha kukazwa, maana sikujua kingine cha kufanya na mikono yangu.

Njoo, kaka. Njoo wakati bado unauliziwa. Usije na maneno ya kuomba radhi, hatayaelewa. Njoo ukae naye karibu na jiko umbishie chochote. Akisema kuna baridi, mwambie anakosea. Na ukishambishia yeye, njoo karakana uniite jina langu kwa sauti. Mama hayupo, na Baba anamwita kwa jina hilo mtoto aliyekwisha kukua. Wa kuniita umebaki wewe tu.

Nisalimie shemeji na uwabusu watoto wote. Mshonaji naye anakusalimu. Pasi yake nimeifungia waya mnene, haina neno.

Ni mimi mdogo wako, ambaye bado ni

Ampia