Mayai ya Samaki Wako

Mandewa, Singida
Jumatano

Kwa kaka yangu Bonaventura,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima huko Itigi, na kile kifua kimetulia. Sisi huku tunashukuru Mungu, mvua imenyesha ya kutosha, ila humu ndani hamkaliki. Kukupigia simu nimeshindwa, mdomo unakuwa mzito. Nampa Happiness, anayesafiri kesho, akukabidhi mkononi uisome kabla ya Jumamosi, siku ambayo wazee wa Mathayo watakuja kutoka Mtinko kusikia jibu la posa.

Belinda hali chakula tangu umwambie kwamba jibu ni hapana. Binti yako unamjua, hapigi kelele, anachambua mchele huku machozi yanamtoka. Maneno yako hayajamtoka kichwani: "Asiyeweza kulinda mayai ya samaki hatamlinda mwanangu." Na wewe kaka ukikasirika, hata mbwa anahama uani.

Ngoja nikueleze ilivyokuwa. Wale samaki wako wawili wa baharini, wa rangi ya machungwa, walitaga juu ya jiwe ndani ya tangi siku mbili baada ya wewe kuondoka. Miaka mitatu umewasubiri! Dume hakubanduka pale, akawa anayapepea mayai kwa mapezi mchana kutwa. Mathayo, uliyemwachia kuwatunza, alikuja kila siku akitoka kazini, apime joto, apime chumvi, aandike. Siku ya saba aliniita nitazame: kila yai lina macho mawili yanang'aa. Akasema kesho giza likiingia yataanguliwa. Alikuwa amechanganya maji mapya kwenye lile pipa dogo, kwa chumvi ya bahari uliyoagiza, ndiyo ya mwisho, akaniomba nisiliguse.

Asubuhi yake akabadilisha maji kama ulivyomwelekeza. Kufika saa sita mayai yote yamekuwa meupe. Jike amelala ubavu chini. Dume aliendelea kuyapepea yale mayai yaliyokufa mpaka naye akaishiwa nguvu. Nilitoka nje, sikuweza kutazama. Niliporudi, Mathayo alichovya kidole kwenye pipa, akaonja, akanitazama. Akafunika pipa, akakupigia simu kwamba yeye ndiye aliyekosea vipimo.

Kaka, hakukosea. Jioni ya siku ile ya saba, alipoondoka, nilisogeza pipa nipige deki, likapinduka, maji yote yakaenda. Chumvi hakuna, na ukali wako naujua. Nikajiambia chumvi ni chumvi tu, nikakodi bodaboda na madumu hadi ziwani Singidani, kwenye yale maji ya magadi, nikajaza pipa mpaka palepale maji yalipokuwa. Mathayo alisoma hapa mjini, ameoga kwenye ziwa lile tangu mdogo, angeshindwaje kuijua ladha yake? Alijua ni mimi, akanisitiri. Nami, shangazi mtu mzima, nikamwacha aubebe mzigo wangu siku kumi na moja huku namwona Belinda anakonda. Nimejidharau, kaka. Nisamehe ukiweza.

Nisalimie Yohana na wote unaokaa nao huko. Belinda hajui kama nimekuandikia. Ukitaka kuikataa posa, tafuta sababu nyingine, hii ni yangu. Jumamosi nitakaa sebuleni na wazee. Usiposema wewe, nitasema mimi.

Ni mimi mdogo wako,
Magreth