Gogo la uyoga la Mama Adela

Mugoma, Jumanne

Nimemdanganya tena Mama Adela. Jirani yangu huyu alinipa gogo lake lililooza, lile linalomwotea uyoga kila masika, akidhani nami nataka uyoga. Sikumwambia ni chakula cha mbawakawa, wadudu ambao watu wa ng'ambo huwafuga kama paka.

Nililisaga, nikaupika unga wake kwa mvuke mpaka kila chenye uhai kikafa. Bwana shamba alitaka hivyo, la sivyo hakuna kibali cha kuusafirisha ng'ambo. Leo mzigo umeondoka kihalali kabisa.

Jioni akaja na kikapu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Uyoga umeota?"

Nikamjibu mvua haijatosha.

"Basi tungoje, mwanangu," akasema, jani la mgomba alilojifunika likichuruzika maji.