Samaki Aliyeachiwa Hufa Lini?

Nyakahura, Jumamosi. Mawingu yamefunga tangu asubuhi, upepo wa lambo una baridi. Nimepata jibu nililolitafuta, na limenisuta.

Nieleze taratibu. Kijiji kilifunga uvuvi katika lambo, bwawa letu, ili samaki aina ya perege wazaliane. Kamati ya kijiji ikamnyang'anya ndoano Evelina, jirani yangu, ambaye mwaka huu amepokea ndugu zake waliokimbia Burundi. Lakini watu wa shirika la misaada, wanaovua kwa burudani na kuachia, waliruhusiwa. Mimi, bwana samaki mstaafu, ndiye niliyesema samaki aliyeachiwa hajapotea.

Evelina akanijia. "Shikamoo mzee. Ulimfuata samaki huko chini ukaona anaishi?"

Sikumfuata. Niliona mkia ukipiga maji, nikaridhika.

Basi Jumapili iliyopita niliomba kwa wavuvi hao wa burudani samaki kumi wa ndoano, wote wachangamfu, nikawaweka katika kizimba cha wavu humo lamboni. Katika kizimba cha pili nilitia kumi wa mtego wa kikapu, wasioguswa na ndoano. Hiki cha pili ndicho kipimo, maana kufungiwa tu kunaweza kuua. Vifo vyake unavitoa katika vya kile cha kwanza. Vinavyobaki ni vya ndoano.

Siku ya kwanza hakufa hata mmoja. Evelina akapita na wenzake, wamebeba ndoo. "Mzee, wagonjwa wako wameamkaje?" Wenzake wakacheka.

Siku ya pili wakafa wawili, waliokuwa wamemeza ndoano hadi kooni. Leo amekufa wa tatu. Katika kizimba cha pili amekufa mmoja tu.

Watatu toa mmoja: ndoano imeua wawili katika kumi. Kumi ni wachache, nikirudia huenda nikapata mmoja au wanne. Lakini mimi nilisema sifuri.

Watu wa shirika wananiambia huachia kama hamsini kila wikiendi. Zidisha. Kumi wanakufa, wakati wa marufuku.

Nilimweleza Evelina. Hakushangilia.

"Kwa hiyo na wao watanyang'anywa. Mimi nitapika hesabu yako?"

Nilirudi nyumbani nikaipiga hesabu upya.

Kesho baada ya ibada nitaiambia kamati kwamba nilikosea. Burudani isimame. Na wale kumi wa kila wiki waliokuwa wakioza bila kuliwa, watano wabaki wazae, watano wavuliwe waende kwenye nyumba zilizopokea wakimbizi. Wakikataa, Jumatatu nitaomba tena.