Ufa wa Chumba cha Batoto

Jumatatu, 3 Machi
Mgodi umelipua saa tisa kama kila siku. Sahani zimelia kabatini. Nimefagia vumbi la plasta chumba cha batoto, badogo bangu, nusu ndoo. Jana vilevile. Matokeo ya chuo yametoka: somo la udongo na nyufa, mi 17 kwa 20. Wenzangu wa darasa pia: Gloire 17. Pitchou 17. Deborah 17. Tata amenunua kuku kwa ajili ya binti yake.

Jumanne, 4 Machi
17 si yangu. Naandika hapa kwa sababu sitaisema popote. Sikutaka ile bomba, karatasi ya majibu ya kuibia mtihani. Gloire akaniambia mbele ya bote, "We peke yako ndo mutakatifu?" Nikanakili mstari kwa mstari. Niliogopa kubaki peke yangu, basi.

Alhamisi, 6 Machi
Tata ameniita. Ufa umeshuka toka dirishani hadi sakafuni. "We ndo umesoma hii. Tubaki ao tuhame?" Nikagusa ukuta kama daktari. Nikasema tubaki. Mungu wangu!

Ijumaa, 7 Machi
Nimebandika karatasi juu ya ufa: ikichanika, ukuta unatembea. Bomba ilisema hivyo. Saa tisa ikachanika katikati. Nikabandika ingine. Ikachanika kabla ya chakula, na hakuna mlipuko. Paka hapiti tena upande ule.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeuliza wenzangu. Hakuna anayejua kitu. Gloire aliipata kwa Pitchou, Pitchou kwa mukubwa wa mwaka jana, yeye kwa mwengine. Huyo nimempigia simu, yuko Sandoa. Anasema aliikuta juu ya benchi, imeshaandikwa. Mwandiko hakuujua. Mwaka wao pia bote balipata 17. 

Jumapili, 9 Machi
Tata amejisifu kanisani. Bajirani bane bamekuja: "Mama injinia, kuja uangalie na kwetu." Nimeingia nyumba nne. Zote nne nimesema mubaki. Maneno ya bomba yalitoka yenyewe, moja baada ya lingine, kama vile mdomo si wangu. Mama Kapinga, mjane wa nyumba ya mwisho, amenibariki. Najichukia.

Jumanne, 11 Machi
Mlipuko umekwisha, ukuta umeendelea. Sauti ndogo, kama mtu anatafuna mchanga. Tata akasogeza kitanda cha batoto karibu nao, bajirani baone hakuna shida. Nikapiga kelele. Nikasema yote: nilinakili, sijui kitu. Hakunipiga. Afadhali angenipiga.

Jumatano, 12 Machi
Batoto bako kwa mama mudogo. Mapema tata amevaa koti lake la kanisa. Nimemfuata. Kila mlango alivua kofia, akasema maneno yaleyale: "Mutoto wangu hajui. Tokeni kwanza." Hakugeuka kuniangalia. Mama Kapinga aliniangalia, muda mrefu. Kisha akapanda juu ya kiti, akaanza kutoa mapazia. Mi nikamshikia kiti.