Mashine Isiyojua Kubembeleza

Jumatatu, 4 Machi 2002

Leo nimezinyoosha kompyuta nne kwa neno moja. Peke yangu. Kibiti nzima hakuna mzee mwingine wa hivyo.

Uongo. Kanyoosha Zaituni, mjukuu wangu. Mimi nimevuta kamba ya jenereta, kisha nikakaa pembeni nikikunja uso kama fundi.

Ni hivi. Wanafunzi wa darasa lake la kompyuta wanazivuruga mashine kutwa. Huyu kageuza rangi, yule kaficha mafaili. Jioni Zaituni anafungua kioo cheusi cha mashine mama, anaandika NYOOSHA, anabonyeza. Amri alizozipanga mwenyewe zinapita kwenye waya, zinafuta fujo, zinaweka mpangilio wake. Mashine zote zinakuwa sawasawa, kama watoto wa madrasa siku ya Maulidi. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, nikaona yatosha. Lakini hili linanipendeza.

Alhamisi, 7 Machi

Zaituni kaenda Dar kufuata wino wa printa. Kurudi Jumamosi asubuhi, tope likimruhusu. Siku hiyohiyo mkuu wa sekondari anakuja na walimu wake kupaona. Wakipapenda, watajifunza hapa mwaka mzima. Wasipopapenda, Zaituni anafunga darasa, anarudi mjini kutumwa na watu. Kayasema hayo akifunga mkoba, hakunitazama.

Kesho jioni ninyooshe mimi. "Mume wangu, utajibu swali moja tu, usiguse kingine." Mume wangu! Nimekwenda msikitini kifua mbele.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeharibu.

Nilipiga bismillahi, nikaandika NYOOSHA kwa kidole kimoja. Ikafuta fujo, vizuri kabisa. Kisha ikauliza: Niweke mpangilio mpya? N kwa ndiyo, H kwa hapana.

Nikabonyeza H.

Mtu hakubali mara ya kwanza. Ukikaribishwa wali unasema nimeshiba, mwenyeji anakuvuta mkono, ndipo unakaa. Basi nikangoja inibembeleze. Wapi! Imenyamaza, inapepesa kijistari chake tu. Haina malezi. Nikaandika tena. Inasema hakuna cha kufuta, inaacha hapohapo. Mashine zote tupu, kama masufuria baada ya shughuli.

Naogopa. Leo sina utani. Mtoto atafunga darasa lake kwa sababu ya adabu zangu.

Jumamosi, 9 Machi

Zaituni kashuka garini na tope mpaka magotini. Nimemwambia kabla hajanawa. Kautua mkoba chini polepole. Nilitamani anitukane.

"Babu, kwa nini H?"

"Niliona haya kukubali upesi."

Kakaa sakafuni na tope lake, kacheka mpaka kashika mbavu. Halafu kainuka mbio. Kafungua amri zake kwenye kioo cheusi, kaongeza kitu, kapunguza kitu, kanyoosha. Walimu wanapiga hodi, mashine ya mwisho ndiyo kwanza inamaliza.

Mkuu wa shule akataka kuijaribu hiyo amri kwa mkono wake. Bwana mzima, miwani na tai. Mashine ikamwuliza lile swali. Akatabasamu kwa adabu. Akabonyeza H.

Nusura nizimie.

Ikaandika: Karibu bwana, usione haya. Niweke?

Akabonyeza N. Walimu wakaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka. Wanaanza Jumatatu.

Jumapili, 10 Machi

Mvua tangu alfajiri. Jenereta limepumzika, na mimi vilevile. Zaituni kalala mpaka mchana, sikumwamsha. Nimemchemshia mhogo, nikaufunika.

Namdai lakini. Huko kubembeleza, mashine imejifunza kwangu, si kwingine. Alipoamka nimemwambia ninachotaka: nikiandika NYOOSHA, kabla ya maswali yake, ile mashine initolee shikamoo. Kacheka tu, kaendelea kula.

Mke wangu, ni mstari mmoja. Uniwekee.