Kikao cha Dharura Kuhusu Neno "Wanga" na Picha ya Ukutani

KAMATI YA ELIMU YA AFYA YA ZAHANATI

Kilifanyika Jumatano, saa nane mchana, katika chumba cha chanjo, kwa kuwa chumba cha mikutano kimejaa vitanda vibovu.

WALIOHUDHURIA
Mganga Mfawidhi – Mwenyekiti
Bwana Lishe (ndivyo wote wanavyomwita afisa lishe wetu, na mwenyewe hakatai) – Mjumbe
Muuguzi wa mapokezi – Mjumbe
Mwalimu wa Kiswahili, shule ya jirani – Mjumbe
Karani wa masjala – Katibu

WALIOALIKWA
Fundi seremala, mgonjwa wa kisukari
Shangazi yake, mjane

HAKUHUDHURIA
Mtunza stoo. Alisema ana udhuru, hakusema upi.

KUMB. NA. 1: KUFUNGUA KIKAO
Mwenyekiti aliwashukuru wajumbe na kuwaomba wasipandishe sauti, kwa sababu chumba cha pili kina watoto wachanga. Ombi hilo lilizingatiwa mpaka Kumb. Na. 3.

KUMB. NA. 2: PICHA YA UKUTANI
Wajumbe walikumbushwa kwamba picha iliyobandikwa kwenye ukumbi wa kusubiria inaonyesha makundi manne makuu ya molekuli zinazojenga kila kiumbe hai. Bwana Lishe aliombwa ayaeleze kwa kifupi. Alieleza kwamba wanga huupa mwili nguvu, na ukiliwa huvunjwa kuwa sukari. Protini hujenga misuli na kuziba vidonda. Mafuta huwekwa akiba, na ndiyo pia yanayofanya utando wa kila seli. Asidi za kiini ndizo zenye vinasaba, yaani maagizo ya urithi kutoka kwa mzazi hadi kwa mtoto. Hakueleza kwa kifupi. Mwenyekiti alimkumbusha kwamba hakuna mtu aliyelalamikia sayansi.

KUMB. NA. 3: KILICHOSEMWA MBELE YA PICHA
Ilielezwa kwamba Fundi alipopimwa na sukari kukutwa juu sana, Bwana Lishe alimpeleka kwenye picha, akaweka kidole juu ya neno la kwanza. Muuguzi alisema alikuwa hatua chache tu kutoka hapo, na alisikia hivi: "Wanga nyumbani kwako ni wengi. Waondoe, utapona."

Bwana Lishe alikanusha. Alidai alisema "mwingi" na "uondoe". Muuguzi alijibu kwamba masikio yake hayajaziba. Bwana Lishe alisema wapo watu wanaomwombea ateleze tangu nafasi ya mafunzo ilipokwenda kwake. Muuguzi alisema mafunzo hayo yangekuwa na somo la ngeli, pengine leo kila mtu angekuwa kwenye kazi yake. Watoto wa chumba cha pili walianza kulia.

Mwalimu aliombwa aamue. Alifafanua kwamba neno ni moja, mambo ni mawili. Wanga wa kwenye chakula ni mwingi. Wanga wanaozunguka usiku kuroga watu, ambao mmoja wao huitwa mwanga, ni wengi. Mgonjwa aliyeambiwa "wengi" na "waondoe" alielewa Kiswahili sawasawa. Aliongeza kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.

Bwana Lishe alisema foleni ilikuwa ndefu na ulimi hauna mfupa. Aliomba neno "wengi" lisiandikwe. Katibu aliuliza aandike nini badala yake. Limebaki.

KUMB. NA. 4: KILICHOTOKEA NYUMBANI KWA FUNDI
Nyumba ile wanaishi Fundi, wanawe na Shangazi. Fundi alieleza kwamba alitoka zahanati akijiuliza hao wanga ni akina nani, na hakuhitaji kufikiri sana. Shangazi ni mjane, ana usingizi mwepesi, na huamka usiku kunywa maji. Fundi alimtolea godoro nje majirani wakiwa wanatazama, na majirani nao wakaongeza yao.

Tangu hapo Shangazi analala kwenye benchi la ukumbi wa kusubiria, chini ya picha hiyohiyo. Muuguzi alimpa blanketi. Bwana Lishe alisimama, akamwomba Shangazi msamaha. Katibu hana ugomvi na msamaha huo.

KUMB. NA. 5: MAJIBU YA FUNDI
Baada ya kuelezwa yote, Fundi aliulizwa kama ameelewa. Alijibu kwamba ameelewa vizuri, ila anaomba apimwe sukari palepale. Alipimwa. Sukari ilikuwa imeshuka, karibu na ya mtu mzima wa afya.

Fundi alisema: "Katoka yeye, sukari imeshuka. Sasa nyie wasomi mtaniambia nini?"

Bwana Lishe alimweleza kwamba imeshuka kwa sababu ameacha kula sahani zilizojaa wanga kila jioni. Fundi aliuliza: "Na aliyekuwa akinipakulia ni nani?"

Mwenyekiti alijaribu njia nyingine. Alimwonyesha Fundi kundi la nne, akamwambia kwamba Shangazi ni dada wa baba yake, vinasaba vyao vinashabihiana, hivyo kama shangazi ni mwanga basi ajitazame na yeye. Muuguzi alicheka peke yake. Fundi hakucheka. Aliuliza: "Kwa hiyo na binti yangu anao huo uchawi?" Mwenyekiti aliufuta mfano wake haraka, na ameomba iandikwe kwamba anaujutia.

KUMB. NA. 6: MAAZIMIO
Iliazimiwa kwamba neno "wanga" lifutwe kwenye picha na paandikwe "kabohaidreti". Muuguzi aliuliza ni mgonjwa gani atakayelielewa. Mwenyekiti alisema ni afadhali lisieleweke. Iliazimiwa pia kwamba Mwenyekiti na Mwalimu wamrudishe Shangazi nyumbani leo hii na kuzungumza na majirani. Fundi alisema hatawazuia, maana nyumba ni ya Shangazi, aliachiwa na baba yake, lakini yeye hatakula chochote kitakachopikwa na mkono ule.

KUMB. NA. 7: MANENO YA SHANGAZI
Ndipo ilipokumbukwa kwamba Shangazi hajaulizwa. Aliulizwa. Maneno yake yameandikwa kama yalivyotamkwa:

"Huyu nimemlea mimi, mama yake alipofariki. Alikuja kwangu mbavu zinahesabika. Nikawa namjazia sahani, nikawa namjazia mpaka leo ana mvi, maana kila nikimtazama naona zile mbavu. Kumbe ndiyo nilikuwa namuua. Msihangaike kunirudisha. Nikirudi, hataacha kula mkononi kwangu, namjua, njaa itamshinda, na mimi kumpakulia kidogo sitaweza. Mwacheni aamini hivyohivyo. Bora anichukie akiwa mzima."

Fundi alitoka nje kabla hajamaliza. Alionekana dirishani amesimama, hakuondoka, wala hakurudi ndani.

KUMB. NA. 8: KUFUNGA KIKAO
Mwenyekiti aliuliza kama kuna mengineyo. Wajumbe walitawanyika saa kumi na robo, na Shangazi alirudi kwenye benchi lake.

.............................
Mganga Mfawidhi, Mwenyekiti

.............................
Karani wa masjala, Katibu